Mtu Ambaye Maelezo Yake Yametolewa

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na kwa adabu zake ameniomba nisirudie maneno ya mwaka jana. Nitayarudia. Kila wiki hapa Ayalandi bado nafuatwa na mtu mwenye barua ya hospitali, imekunjwa mara nne, ananiambia, "Mama, huu mwaka wa pili nasubiri." Namuuliza, umemwandikia mbunge wako, yule TD? Anacheka. "Mimi sina kura, nani atanisikiliza?"

Kura huna, kweli. Ya Dáil, bunge la hapa, ni ya raia wa hapa na Waingereza waishio hapa. Ya madiwani unayo, uwe na pasipoti ya nchi yoyote, na hiyo hamwendi kuipiga, lakini leo sikuja kugombana. Nimekuja kusema kwamba swali la bunge, lile mbunge analomuuliza waziri kwa niaba yako, haliulizi uraia wako, na kuwaeleza habari za aliyekuwa mbunge, Róisín Shortall.

Fungueni kumbukumbu za bunge la hapa, zipo kwenye mtandao, bure, neno kwa neno. Yale makelele ya mchana ya kumzomea Taoiseach, waziri mkuu, yarukeni, hayo mnayaona kwenye habari. Nendeni kwenye majibu ya maandishi. Mtaona mstari mmoja unarudi mpaka macho yachoke: mbunge fulani anamuuliza Waziri wa Afya ni lini mtu, kisha kwenye mabano, "maelezo yametolewa", atapata miadi ya daktari. Jina hakuna. Maelezo yamekwenda kwa waziri pembeni, na kwenye kitabu cha taifa anabaki "mtu". Mtu wa nyonga. Mtu wa mtoto wa jicho. Wapo maelfu humo. Nami nawaambia wawili watatu wamekaa hapa ukumbini leo, wanatazama viatu vyao.

Sasa kuna mama mmoja wa kwetu, simtaji. Mwanawe alikuwa hasikii vizuri. Daktari wa mtaa, huyu tunayemwita GP, akaandika rufaa. Ukapita mwaka. Akipiga simu, muziki. Akapiga tena, muziki. Nikamsukuma aende kwa mbunge, kule wanakokaa Ijumaa kusikiliza watu. Swali likaingia. Jibu la waziri likaja, mistari miwili: hili ni suala la huduma, limepelekwa HSE, shirika la umma linaloendesha huduma za afya, wamjibu mheshimiwa moja kwa moja. Mama wa watu akanipigia simu analia. "Wamenitupa." Nikamwambia, subiri. Hayo ni maneno yao ya kila siku, wanayaandika kama sisi tunavyoandika "tunakujulisha kuwa barua yako imepokelewa". Hata wabunge wakongwe hujibiwa hivyohivyo.

Baada ya wiki kadhaa barua ya HSE ikafika. Miadi ilikuwa imetolewa zamani! Ilitumwa kwenye fleti waliyokwisha kuhama. Mtoto akaandikwa kuwa hakutokea, akafutwa kwenye orodha. Mwaka mzima yule mama alikuwa anasubiri kwenye foleni ambayo hayumo. Mnanielewa? Hayumo! Na angesubiri mpaka mtoto aote ndevu.

Najua kaka yangu pale nyuma atasema nini, maana alilisema mwaka jana: "Huko si ndiko kupeana mkono kwa kujuana, kama nyumbani?" Hapana. Swali halikupandishi mbele ya mtu. Linakuambia umesimama wapi. Lakini una hoja ya pili, na hiyo nakupa: foleni gani hii ambayo mpaka bunge liulize ndipo ujue kama umo? Hapo ndipo namleta yule Róisín Shortall.

Alikuwa mbunge wa Dublin North-West, kule Ballymun na Finglas, kuanzia 1992 mpaka uchaguzi wa 2024, ambao hakugombea. Miaka 32. Sehemu kubwa aliimalizia upinzani. Alionja serikali mara moja tu kwenye afya: 2011, chama chake cha Labour kilipoingia madarakani na chama cha Fine Gael, akawa waziri mdogo wa huduma za afya za msingi. Ikatengenezwa orodha ya maeneo 20 ya kujengewa vituo vya afya kwanza, kwa kuangalia uhitaji. Ghafla orodha ikawa na maeneo 35. Kati ya yaliyoingia ni Swords na Balbriggan, na jimbo hilo lilikuwa la waziri mwenyewe wa afya, James Reilly. Reilly alijitetea kwamba si upendeleo. Shortall akajiuzulu, Septemba 2012, uwaziri akauacha, akatoka na kwenye kundi la wabunge wa chama chake siku hiyohiyo.

Wapo wanaosema alikimbia. Angebaki ndani apigane, angalau angekuwa na gari na katibu. Nimesikia hoja hiyo hadi kwenye basi. Mie nafanya kazi wodini tangu nifike nchi hii, na nawaambieni, anayebaki ndani akinyamaza huitwa mvumilivu, na wagonjwa hawapati chochote kutokana na uvumilivu wake. Yeye alitoka na jambo moja, akalishika miaka kumi na miwili: foleni ipangwe kwa maumivu, isipangwe kwa mfuko.

Maana hapa kuna foleni mbili, nyie mnajua, sihitaji kuwaeleza. Mwenye bima binafsi anaonwa mapema, mara nyingine ndani ya hospitali ileile ya umma, na daktari bingwa yuleyule.

Basi 2016, baada ya uchaguzi uliozaa serikali dhaifu isiyo na wingi bungeni, upinzani ukapata upenyo. Kamati ya vyama vyote ikaundwa kupanga afya ya miaka 10 ijayo, wajumbe 14, na mwenyekiti akawekwa Shortall, wakati huo wa kichama kidogo cha Social Democrats alichokiasisi 2015 na wenzake wawili. Wakaketi, wakabishana, na tarehe 30 Mei 2017 wakatoa ripoti. Wakaiita Sláintecare. Sláinte ni afya kwa Kiayalandi, ndilo neno hilohilo wanalogonganishia glasi baa, kwa hiyo msicheke mkilisikia. Waliandika namba kabisa: kipimo siku 10, kumwona bingwa wiki 10, kulazwa kwa matibabu wiki 12. Na matibabu ya watu binafsi yatoke taratibu kwenye hospitali za umma. Serikali ikaipokea, ikapiga makofi.

Halafu kwa upinzani ikaanza kazi ya kuchosha ya kuuliza, ambayo hakuna kamera inayoifuata. Imefika wapi? Pesa iko wapi? Nani anasimamia? Swali la mdomo bungeni lina dakika sita na nusu kwa jumla, waziri anakula nne, mbili za kwanza akisoma alichoandikiwa. Muulizaji anapata nusu dakika, kisha moja, kisha moja. Kwa hiyo mpinzani lazima ajue faili kuliko anayelisoma. Mwezi Septemba 2021 mkuu wa programu hiyo, Laura Magahy, na mwenyekiti wa baraza lake la ushauri, Tom Keane, wakajiuzulu karibu kwa pamoja, na upinzani ukataka kujua kwa nini. Na upande wa pili wa ukumbi, kwenye kiti cha Waziri wa Afya, alikaa nani? Stephen Donnelly. Mmoja wa wale wawili walioasisi naye chama! Alikuwa amehamia chama cha Fianna Fáil. Hebu fikiria unamkaba kwa maswali mtu mliyechora naye nembo ya chama mezani.

Sasa mtaniuliza, haya yote yamemsaidia nani? Ukilazwa hospitali ya umma zamani ulitozwa euro 80 kwa usiku, mpaka euro 800 kwa mwaka. Nimewaona watu wakijitoa wodini kabla ya siku yao kwa ajili ya hiyo 80. Kamati ilisema ifutwe. Watoto walifutiwa 2022, watu wazima Aprili 2023. Serikali ilikata utepe, sawa, ndio kazi ya serikali. Mkataba mpya wa madaktari bingwa wa kuhudumia wagonjwa wa umma pekee, nao 2023. Na yale malengo ya siku 10, wiki 10, wiki 12? Hayo msiiulize serikali, niulizeni mimi ninayeshika simu ya wodi!

Nilikuwa na jambo la kifungu cha 17 cha katiba, jinsi muswada wa mpinzani ukigusa pesa unavyokwama mpaka serikali itume ujumbe bungeni kuridhia. Nilikuwa na la watoto wenye ulemavu pia, na la wazee wanaohudumiwa majumbani, ambalo wengi wenu ndio ugali wenu. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, nimeona.

Moja tu la mwisho, mama aliyeuliza pale mlangoni kuhusu idara ya dharura: ile ada ya euro 100 ipo bado, ila ukienda na barua ya GP hutozwi. Barua mkononi.

Wenye bahasha za hospitali njooni meza ya mbele. Nimeleta karatasi na stempu. Andikeni anwani mnayokaa sasa, tafadhali, siyo ya zamani.