L-5 Baada ya Kutobolewa

REHEMA: Jumamosi nilipiga harusini kwa gitaa la kuazima, lile la uso uliochongwa kwa mbinuko na matundu mawili kama ya fidla. Kila spika zilipopandishwa lilivuma lenyewe, nikalazimika kuyaziba matundu kwa leso. Wageni walipoona nguo imechungulia tunduni, walidhani ndipo pa kutilia tunza, wakaanza kuchomeka noti.

SALUM: Hatimaye dada Rehema ana gitaa lenye kipato! Lakini mvumo huo ndio kiini cha mada yetu, gitaa la L-5 la kampuni ya Gibson ya Marekani. Ilipotoka mwaka 1922 huko Kalamazoo, Michigan, wakati msanifu wa ala Lloyd Loar akiwa kiwandani hapo, ilikuwa na upana wa inchi 16, na uso wake ulichongwa mwembamba ili utetemeke, usikike bila umeme.

REHEMA: Na noti za elfu kumi zinazuia mtetemo kuliko leso, nimethibitisha.

SALUM: Ulizitoaje?

REHEMA: Kwa sindano ya kufumia, gitaa likiwa kifudifudi mapajani, huku bibi harusi akinihesabia.

SALUM: Turudi kwenye mada. Katikati ya miaka ya 1930 ilipanuliwa hadi inchi 17, kwa sababu bendi za dansi zilikuwa zimejaa tarumbeta na gitaa lilikuwa likimezwa. Mwaka 1939 likatolewa toleo lililokatwa bega moja, vidole vifikie noti za juu...

REHEMA: Noti za juu ndizo zilizokwama kabisa.

SALUM: ...kisha mwaka 1951 ikaja L-5CES, ambayo uso wake ulitobolewa ili kuweka vinasa sauti viwili vya umeme, vinavyopeleka mlio wa nyuzi kwenye spika. Kwangu mimi, L-5 iliishia hapo. Uso uliofanywa mnene na mihimili mizito ili usivume ni uso ulionyimwa kazi iliyoufanya uchongwe.

REHEMA: Hapana, kaka Salum. Mpiga gitaa wa jazi Wes Montgomery alipiga hiyo hiyo ya umeme kwa kidole gumba, na ule unene wa sauti yake huwezi kuupata kwenye gitaa la ubao mtupu. Kama kazi ya gitaa ni kusikika bendini, mwaka 1951 ndipo lilipoifanya.

SALUM: Kusikika si kuimba. Maybelle Carter, mpiga gitaa wa muziki wa kantri wa Marekani, alinunua yake ya mwaka 1928, na ilisikika nchi nzima bila kutobolewa.

REHEMA: Ilisikika kwa sababu mbele yake palikuwa na kipaza sauti! Huo nao si umeme?

SALUM: Kipaza sauti hakikati mbao.

REHEMA: Basi tubaki hivyo, kila mtu na lake, maana fundi mitambo ananionyesha kuwa zimebaki dakika mbili.

SALUM: Na yale mambo matatu ya kukagua kabla ya kununua gitaa kuukuu la aina hii?

REHEMA: Hatutayamaliza. Taja moja.

SALUM: Kidaraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso, hakikugundishwa, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo usikubali muuzaji azilegeze zote kwa pamoja, na ukiona...

REHEMA: Muda umekwisha.