Kuni za Bani na Visiki vya Miombo: Mazungumzo na Wakulima wa Urambo, Tabora

Mwangaluka!

Wazee wangu, akina mama, viongozi wa vyama vya msingi, asanteni kwa kunikaribisha. Najua msimu wa vitalu vya miche ya tumbaku umeshabisha hodi, kwa hiyo sitawaweka sana.

Sikuja kuwaambia muache tumbaku. Karo za watoto zinatoka humo, na mabati niliyoyaona njiani yametoka humo. (Anayetaka maoni yangu kuhusu zao lenyewe anifuate nje wakati wa chai.) Nimekuja kuzungumzia kuni. Hapa kwetu ukifuatilia shida ya udongo, ya maji au ya hewa, mara nyingi unajikuta umesimama mlangoni mwa bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni.

Jani la tumbaku ya mvuke, hii tunayoikausha banini, likichumwa, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Maji hayo tunayatoa taratibu kwa karibu wiki nzima, tukianza na nyuzi joto 35 hivi na kumalizia kwenye 70 na ushee ili vikonyo vikauke. Sasa ukitia kuni mbichi, moto unakausha kuni kwanza, ndipo ukumbuke tumbaku. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake! Na wengi wetu tunaenda kukata kuni majani yakiwa yameshaiva shambani, halafu tunalalamika trela zima la kuni limekwisha. Kata mapema, pasua, panga mahali penye upepo, juu pafunikwe, zikae miezi kadhaa.

Kuna kazi nyingine isiyodai hata shilingi. Siku ya jua kali, ingia kwenye bani likiwa tupu, funga mlango na matundu ya hewa, subiri macho yazoee giza. Halafu tazama. Chini ya bati utaona mstari wa mwanga, mstari mwingine kandokando ya fremu ya mlango, na kwenye ufa wa tofali nukta nukta. Humo ndimo joto linamotorokea. Ziba kwa udongo wa kichuguu, na ufa mpana uujaze vipande vya tofali kwanza. Mzee mmoja hapo mbele anacheka, nadhani bani lake analijua.

Tuje msituni, ambako ndiko hasa nilikotaka tufike. Kila mwaka tunagawiwa miche, tunapigwa picha, na ikifika Agosti mingi imeshakuwa vijiti. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Mche wenye mizizi ya urefu wa kiganja utaishi na nini miezi yote iliyobaki? Lakini mtundu au myombo, miti ya asili ya msitu wetu wa miombo, hata ukikatwa una mizizi iliyokwisha kushuka chini zamani. Kisiki kisipong'olewa, na moto usipokirudia kila kiangazi, kitachipua chenyewe. Bakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine punguza, na ng'ombe wasiingie miaka ya mwanzo. Mimi ningeambiwa nichague kati ya gari la miche na zuio la moto kichaa, ningechukua zuio.

Na hapa Urambo kung'oa visiki kuna historia yake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa hapa, wakafyeka pori kwa mitambo. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeshavunjika. Sababu zilikuwa nyingi, lakini udongo wetu wa kichanga ukiondolewa mizizi na majani, mvua ya kwanza tu inauchukua. Akina mama wanalijua hili kwa njia nyingine: uyoga mwingi wa masika unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miombo. Pori likiisha, uyoga huo nao basi.

Mbolea nitaipitia haraka. Ukimwaga yote kwa mkupuo kwenye udongo wa kichanga, naitrojeni nyingi inazama na mvua isikofika mizizi. Inayobaki kwenye udongo uliotuama maji, vijidudu huigeuza sehemu yake kuwa gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 kuliko hewa ukaa. Igawe, na usiweke mvua kubwa ikiwa inanukia.

Maji yananitia wasiwasi zaidi. Vitalu tunaviweka bondeni kwa sababu kiangazi maji yako huko, kwa hiyo dawa kali tunaipuliza pale pale tunapochota. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Najua kubeba ndoo mita 60 asubuhi na jioni si mchezo, na mara nyingi mbebaji ni mama au mtoto. Ndiyo maana nasema chama kifikirie pampu moja ya pamoja kabla ya mengine. Bomba la dawa lisioshewe kisimani, na dawa ipulizwe jioni nyuki wakisharudi mzingani. Asali ya Tabora nayo ni fedha.

Kijana kule nyuma ameuliza kuhusu mikaratusi. Panda, inakua upesi na kuni zake zinafaa kwa bani, ila ipande sehemu ya juu ya shamba lako, mbali na chemchemi na mbali na mahindi, kwa sababu inakunywa sana. Miaka mitano sita ya kwanza, kabla haijafikia kukatwa, visiki vyako vya miombo usiviguse.