Kabichi Mbili na Daftari Moja

Ndugu zangu, karibuni. Hapa mezani nimeweka chupa mbili za kabichi iliyochachuka, na daftari hili lenye madoa ya mafuta. Kabichi mtaionja mwishoni. Kwanza daftari.

Kwa miaka mingi nilipika kwa kukisia. Chakula kikitoka kitamu, wiki inayofuata siwezi kukirudia. Kikiharibika, sijui kosa liko wapi, maana nilikuwa nimegusa chumvi, moto na muda vyote kwa pamoja. Siku hizi nina sharti: nabadilisha kitu kimoja tu, vingine naviacha vilevile, halafu naandika kabla sijaosha vyombo.

Mtindi ndio ulionifundisha. Nilikuwa napasha maziwa yakawa vuguvugu, natia vijiko viwili vya mtindi wa jana, nafunika. Yaliganda, lakini mtindi ulikuwa mwepesi. Mara nyingine nikatumia maziwa yaleyale na mtindi uleule wa kuanzia, ila nikayapasha hadi nyuzijoto 85, nikayaacha yapoe mpaka 43, ndipo nikatia mtindi. Asubuhi kijiko kilisimama wima. Joto kali hukunjua protini za maziwa zisizoganda zenyewe, zikashikamana na zile zinazoganda, na wavu wao ukashika maji vizuri zaidi. Kupoza nako ni lazima, kwani maziwa yakiwa moto mno bakteria wa mtindi hufa. Niliposoma haya nilirudi jikoni nikarudia jaribio zima, kwa furaha tu ya kuona.

Sasa kabichi. Bakteria wanaoichachusha wamo tayari kwenye majani. Kazi yetu ni kuwapendelea dhidi ya wengine. Chumvi hufanya hivyo, na huvuta maji ya kabichi yenyewe yakaifunika hewa isiifikie. Nilijaribu gramu 10, 20 na 35 kwa kila kilo. Ya 10 ililegea ikanuka, nikaitupa. Ya 35 ilichelewa sana, na ilikuwa chumvi tupu. Tangu hapo nimebaki na 20, na napima kwa mizani. Kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havina uzito sawa, kwa hiyo mapishi yanayosema "vijiko viwili" hayajakwambia kitu.

Msimu nao ni sehemu ya jaribio. Mahindi mabichi huanza kugeuza sukari yake kuwa wanga tangu saa yanapovunwa, ndiyo maana yale ya leo ni matamu kuliko ya juzi. Nyanya iliyoiva ukiiweka kwenye friji hupoteza harufu yake, kwa hiyo zangu hukaa mezani. Na nyanya za msimu wake zenye nyama nyingi hukauka upesi sufuriani. Zile za maji huchemka muda mrefu hadi ladha inachoka. Daftari langu lina tarehe kila ukurasa kwa sababu hiyo.

Kuna mahali sijaribu kamwe. Vitunguu saumu vilivyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa mezani vinaweza kuota bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua. Hao hupenda pasipo hewa na pasipo asidi ya kutosha, na sumu yao huwezi kuiona wala kuinusa. Kipimo cha asidi kinachowazuia ni pH isiyozidi 4.6 (namba ikishuka, asidi huongezeka). Nyanya ziko karibu mno na mpaka huo, kwa hiyo nikizihifadhi kwenye chupa za lita moja natia vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya chupani katika kila moja, kisha nachemsha chupa kwa muda ulioandikwa kwenye mwongozo uliopimwa. Hapo natii, sibuni. Nawaomba nanyi mtii.

Haya, chupa. Zote mbili ni kabichi iliyokatwa siku ileile, kwa kisu kilekile, gramu 20 za chumvi kwa kilo. Moja ilikaa karibu na jiko, nyingine kwenye kona ya baridi, na kila moja niliifungua ilipofika uchachu ninaoutaka. Sisemi ipi ni ipi. Onjeni zote mbili, tafuneni polepole, sikilizeni inavyolia menoni. Kalamu iko hapa. Kila mmoja aandike alichoonja kabla hajamwuliza jirani yake.