Umelipa kupiga mbizi ao kutembeza miguu? Nawajibu watu wa Goma

Jamani, hamjambo. Leo hakuna muziki wa mwanzo wala madoido. Niko jikoni kwangu hapa Liège, Ubelgiji, nimetoka zamu, hata nguo ya kazi sijabadilisha. Tangu niweke zile video za Zanzibar, za safari niliyoenda kupiga mbizi, komenti ni ile ile. "Dada, umelipa kupiga mbizi ao kutembeza miguu?" "Yaya, juu ya nini baharini dakika mbili, sokoni nusu saa?" Na mmoja, nadhani ni mtu wa Birere pale Goma kwa ule ulimi wake, ameandika: "Alikodi ile nguo ya mpira apige picha tu." Sawa, nimecheka. Lakini kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo leo najibu wote, na atakayeuliza tena nitamtumia video hii.

Najua kinachokuja. Nikisema nilifurahi, nitaambiwa najionyesha wakati watu wa nyumbani hawalali. Nikisema pesa iliniuma, nitaambiwa naliaje na niko Ulaya. Mwaka 2025 vita ilipoingia na benki za Goma zikafungwa, mimi pia nilihangaika usiku kucha kutafuta njia ya kumfikishia mama franga za chakula, kwa hiyo msinieleze habari za Goma kama vile nilizaliwa huku. Nahudumia wazee, zamu za usiku, na safari hii niliiwekea akiba kidogo kidogo. Sikumkopa mtu. Tuendelee.

Sababu ya kwanza ya kutembea kuliko kupiga mbizi ni ya mwili, si ya pesa. Chini ya maji unavuta hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi. Kadiri unavyoshuka, maji yanakubana, na ile azoti ya somo la kemia, yaani nitrojeni, inazidi kuingia kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda taratibu, inatoka yenyewe unapopumua. Ukipanda mbio, ao ukienda mahali hewa ni nyepesi, inageuka mapovu ndani yako. Mtu wa Goma hapa hahitaji darasa refu: ziwa letu la Kivu limebeba gesi kule chini namna hiyo hiyo, uzito wa maji ndio unaoifungia. Ziwa Nyos la Kameruni liliachia yake mwaka 1986, watu kama 1,700 wakafa. Sasa fikiria mapovu hayo yako kwenye goti lako, ao kwenye uti wa mgongo.

Ndiyo maana hutoki majini ukaenda kupanda ndege. Ukipiga mbizi moja ya kawaida, unasubiri saa 12. Ukipiga kadhaa, ao siku mfululizo, angalau saa 18, na walimu wengi wanakwambia saa 24 ili wao wenyewe walale vizuri. Ndani ya ndege hewa si ya chini. Ni kama umepanda mlima, inaweza kufika hewa ya mita 2,400. Kwa hiyo siku ya mwisho ni ya nchi kavu, utake usitake. Na wale wanaonitumia mipango yao, leo baharini, kesho asubuhi Ngorongoro: ukingo wa ile kreta uko juu ya mita 2,000. Geuza. Wanyama kwanza, bahari baadaye. Unguja yenyewe haina mlima wa kukutisha.

Halafu kuna siku usizozipanga. Mimi mafua yalinipata, na ukiwa na mafua masikio hayafunguki, hushuki. Mwalimu alinitazama napiga chafya, akachukua fulana yangu ya mbizi akaitundika ukutani bila neno. Pesa ya siku hiyo nusu ilirudi, nusu haikurudi, basi.

Sasa makaratasi, maana hili hamkuliona kwenye video. Kabla ya kuguswa na maji unajaza fomu ya afya. Umewahi kuwa na pumu? Umewahi kupasuliwa? Ukijibu ndiyo mahali fulani, daktari lazima asaini. Mimi nilikuwa na pumu utotoni. Wenye kukumbuka vumbi la volkano yetu ya Nyiragongo lilivyokuwa wanaelewa. Daktari wangu wa huku akasema hawezi kusaini, niende kwa mwingine wa mambo ya michezo. Yule mwingine akataka vipimo vya mapafu. Bima yangu ikakataa kurudisha, eti ni starehe. Huko nilikuwa sijaona hata samaki mmoja. Ongeza viza ya dola 50. Ongeza bima ya Zanzibar yenyewe, dola 44, wageni wanailipa tangu Oktoba 2024. Niliuliza kama inabeba ajali ya mbizi, nikajibiwa "inategemea". Nikakata nyingine ya wapiga mbizi, ya kwangu mwenyewe.

Na hili linanichoma mpaka leo. Uwanja mmoja wa ndege, siutaji, afisa anafungua pasipoti yangu ya Ubelgiji, anaona "amezaliwa Goma". Kadi ya homa ya manjano iko wapi? Nikamwambia, baba, kadi inadaiwa kwa mahali mtu anapotoka ao alipopitia, na mimi natoka Ubelgiji, Kongo sijakanyaga miaka. Akasema: "Hapa imeandikwa Goma." Kadi nilikuwa nayo kwenye mkoba, namshukuru Mungu, lakini ule mstari wote nyuma yangu hakuna mzungu aliyeulizwa. Kisha nikitaka kuja nyumbani, huko nako naombwa viza! Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine. Afisa wa ugenini ananikumbusha mimi ni Mkongomani, ubalozi wetu unanikumbusha mimi si Mkongomani. Haya, tuliache, nitalia na mascara ni mpya.

Pesa. Mbizi mbili kwa siku, pale nilipokuwa Nungwi, zilinitoka kama dola 120, mtungi na mashua ndani yake. Siku ya kutembea haikunifikisha hata robo. Daladala namba 116 inakutoa Nungwi mpaka mjini kwa chini ya dola mbili, ukikubali kubanwa na ndoo ya samaki. Watu wanaandika kwamba nilikuwa nasoma ramani kwa kukosa kazi. Nilikuwa nahesabu, ndugu zangu.

Mambo ya kila mtu sitayarudia: mchanga mweupe, machweo, kobe wa kisiwa cha Changuu walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, mmeshaona. Ziara ya viungo nenda kama hujawahi kuona mdalasini ukibanduliwa mtini. Mimi kile cha kuvalishwa taji la majani na kuambiwa "malkia" halafu bakuli la bahashishi likapita, hapana.

Msitu wa Jozani ndio nawaombea muuone. Kuna kima punju mule, mgongo mwekundu, nywele zimemsimama kichwani, hayuko kokote duniani ila Zanzibar. Unaambiwa usimkaribie, yeye mwenyewe anapita karibu na viatu vyako. Na jambo lililonimaliza: anakula makala! Ndiyo, makala ya kupikia, wengine wanaita makaa. Majani mengine anayokula yana sumu, makala inaituliza tumboni, basi anaiokota kwenye majiko ya watu. Mimi nasimama pale nawaza gunia la makala bei yake Goma, na huyu anatafuna kipande kama biskuti, macho juu.

Lakini ile video ya nusu saa mliyoilalamikia ni ya Mji Mkongwe, na hiyo siipunguzi. Pale Mkunazini lilikuwa soko la watumwa mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873, na wamisionari wa Kianglikana wakajenga kanisa juu yake. Nje kuna shimo, ndani yake sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Wazungu wa kundi letu walikuwa wanauliza maswali mazuri. Mimi nilikuwa naisoma ramani ukutani, ule mstari wa misafara ya watumwa unaovuka Ziwa Tanganyika unaingia Kongo, Manyema, Kasongo, Nyangwe. Hiyo ni kwetu. Mtembeza wageni alipojua natoka Kongo aliacha kuniangalia machoni.

Kisha nikaomba nionyeshwe nyumba ya Tippu Tip, kule Shangani. Huyu ndiye mfanyabiashara wa watumwa aliyeitawala Kasongo kwa bunduki na pembe za ndovu, na mwaka 1887 Leopold, mfalme wa Ubelgiji, akamfanya liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Akafa kitandani kwake hapo hapo Unguja, 1905. Nilitegemea jumba la makumbusho. Kumbe mlango mzuri wa kuchongwa, ukuta umebabuka, familia zinaishi ndani, na juu ya ngazi mama anaanika kanga na sare za shule. Akanikaribisha, nikakaa naye kwenye ngazi. Hakuniuliza habari za Tippu Tip hata moja. Aliniuliza kama ninamjua mwimbaji fulani wa Kinshasa. Huko ukisema Kongo, unaambiwa imba.

Jioni ni Forodhani, bustani ya vyakula kando ya bahari. Pizza ya Zanzibar sikuipenda, samahani. Urojo niliurudia: ule mchuzi wa manjano wenye uchachu, bajia ndani, viazi, chipsi za muhogo juu, pilipili mpaka pua inatiririka. Bei yangu ilikuwa katikati, si ya mzungu, si ya mwenyeji.

Wa mwisho, wanaoniuliza juu ya nini nisipige mbizi Kivu nikabakisha pesa. Gesi ya Kivu nyingi iko chini sana, zaidi ya mita 200, na cheti changu kinaishia mita 18, kwa hiyo si hiyo. Ni kwamba Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari, na mbizi za juu namna hiyo zina mahesabu yake na mafunzo yake, mimi sijayafanya. Hayo ni yangu, kwa mapafu yangu na mfuko wangu. Wewe daktari wako atakwambia yako.

Na wanaoandika inboksi kuomba barua ya mwaliko ya kuombea viza ya huku: mwaka huu nimeshaandika moja, ya mdogo wangu, na manispaa imeirudisha kwa sababu mishahara yangu ya miezi haifanani. Ya zamu haifanani kamwe. Nitawaeleza wakiijibu.