Saini moja ya kufungia njugu, nyingine ya mamilioni

(Nilizungumza haya jioni moja uani mwa Ngome, hapa Lamu. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimeruka tu pale spika ilipokuwa yakoroma.)

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu mlioketi kule nyuma ndooni mbee, viti viko.

Basi nimeombwa niseme kuhusu saini za wanamuziki, vile watu wanazikusanya, na kwa nini moja haina bei na nyingine yanunua nyumba mbili Mkomani. Wapo humu wamekuja na kitu kwa bahasha, nawaona, tutafika kwenu. Ila kwanza nitoe hili njiani: umaarufu peke yake hauleti bei. Staa anaweza kujulikana dunia nzima na saini yake isizidi bei ya samaki wa kupaka wa watu wawili, manake amesaini maisha yake yote kila uwanja wa ndege, kila mtu anayo. Bei yaja zikiwa chache, wanaozitaka wakiwa wengi, na ukiweza kuonyesha imepitia wapi mpaka ikakufikia. Hayo mawili ya kwanza hata muuza embe anayajua. La tatu ndo ntakalokaa nalo.

Chukueni Beatles, ile bendi ya vijana wanne wa Uingereza. Miaka ya 1963 na 1964 walikuwa wanazunguka kupiga shoo, mashabiki wanajazana mlangoni, vitabu vya saini vinapelekwa ndani kwa mafungu, sasa vijana wanne watasaini mangapi? Watu wao wa safari, Neil Aspinall na Mal Evans, wakawa wanakaa chumba cha nyuma wanaandika majina yote manne wao wenyewe, ili mtu asirudi nyumbani mkono mtupu. Kwa hivyo kuna bibi Uingereza ana karatasi aliyopokea mlangoni mwa ukumbi usiku uleule, hajaiuza, hajamwachia mtu, anaapa kwa moyo safi, na bado si yao. Hadithi yake ni ya kweli yote, saini ndo ya mtu mwengine.

Halafu Agosti 1966 wakaacha kuzunguka, shoo ya mwisho ilikuwa San Francisco. Kuanzia hapo kuwapata wote wanne pahali pamoja, na kalamu, na wakiwa na raha, ikawa kazi. Ndo maana kava la albamu yao ya 1967, Sgt. Pepper, lenye saini zote nne, lilipopigwa mnada na Heritage Auctions kule Dallas 2013, walikadiria dola 30,000 likaenda 290,500. Kwa reti ya wakati ule ni kama milioni 25 za shilingi zetu. Majina ni yaleyale manne, yakiwa kwenye kipande cha karatasi cha 1963 hayafiki huko hata uyapake dhahabu.

Sasa njooni karibu na nyumbani. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mnamjua, mtoto wa Unguja, alizaliwa pale 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Amekufa 1991, kwa hivyo hasaini tena, na kifo ndivyo kilivyo kwa biashara hii, inatisha kusema ila ndo hivyo, bomba linafungwa. Septemba 2023 Sotheby's, nyumba ya mnada, wakauza vitu vyake London, na pale ndani kulikuwa na kurasa alizoandika kwa mkono za wimbo wa Bohemian Rhapsody. Zimeandikwa kwenye nini? Karatasi za kalenda za 1974 za shirika la ndege la British Midland, zile za bure. Kwenye ukurasa mmoja kuna jina Mongolian Rhapsody, neno la kwanza amelikata, juu yake ameandika Bohemian. Zikaenda pauni 1,379,000, fanyeni hesabu, milioni 250 hivi za Kenya.

Sikizani hapo. Saini yake ya kawaida kwenye picha haikaribii pesa hizo, na mkono ni uleule. Kinachonunuliwa pale ni lile neno lililokatwa, yaani unamwona mtu akiwaza. Ndo maana barua inayoongelea kazi inashinda barua ya "asante kwa zawadi", na watunzi wa zamani wa Ulaya, kina Puccini, alipokuandikia noti mbili tatu za wimbo wake chini ya picha halafu akasaini, hiyo ina bei zaidi ya saini tupu. Mimi ningekuwa na pesa ningenunua vitu vilivyokatwa-katwa tu, hivyo safi wachukue wengine.

Kuna jambo watu hubishana, la jina. Msanii akiandika "kwa Fatma" bei hushuka, manake mnunuzi haitwi Fatma. Wauzaji wengine hata wanajaribu kulifuta, uharibifu mtupu. Kwangu mimi jina la Fatma ni ushahidi, mghushi hapendi kuandika maneno mengi, kila herufi ya ziada ni pahali pa kumfumania.

Na ughushi si mchezo. Marekani miaka ya 1990 FBI walifanya oparesheni waliyoiita Bullpen, wakashika genge California lililokuwa likitengeneza saini za wanamichezo na mastaa kwa mafungu, na vyeti vya kusema ni halisi wakatoa wao wenyewe. Cheti ni karatasi, nacho chaandikwa. Zipo kampuni za kukagua, PSA, JSA, Beckett, hao wanalinganisha na sampuli walizonazo, lakini nao wanatoa maoni, hawakuwepo chumbani. Hata msanii mwenyewe anaweza kukuangusha: 2022 kitabu cha Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, kiliuzwa karibu dola 600 kwa kuwa eti amesaini kwa mkono, kumbe ni mashine, mashabiki wakalinganisha picha onlaini wakaona saini zimefanana mno, mchapishaji akarudisha pesa, Dylan akaomba radhi. Mkono wa binadamu haurudii mara mbili sawasawa.

Hii hapa ipitisheni, taratibu. Ni karatasi ya ndani ya kanda ya taarabu, mwimbaji amesaini kwa biro ya buluu. Igeuzeni, mpitishe kidole kwa nyuma, mtahisi mfereji, kalamu imekandamiza. Iliyochapwa haina mfereji. Halafu na hiki kioo tazameni pale mistari inapokatana, wino unaendelea bila kusita. Anayeiga huenda polepole, mstari unatetemeka na mwisho unakuwa na kidoto pale kalamu iliposimama kuwaza. Na upande huu umefifia kwa sababu ulikaa kwenye fremu mkabala na dirisha. Jua na unyevu wa huku kwetu, na mchwa, hao ndo maadui wakubwa kuliko mghushi.

Hii mlioishika ikipelekwa London haina bei. Si kwamba muziki ni mdogo. Zein l'Abdin amezaliwa hapa Lamu, ameimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany, Juma Bhalo ni wa Malindi, kanda zao tumezisikiza pwani nzima, ukienda duka la Mbwana Radio Service pale Mombasa enzi hizo unatoka na mfuko umejaa. Ila sampuli za mkono wao ziko wapi? Nani ameziweka pamoja tulinganishe? Hakuna mnada umeshauza tano sita watu wakajua bei. Wakati huohuo madaftari ya watunzi yako masandukuni mtaani Langoni, na kila nyumba ikirekebishwa moja linatupwa.

Kwa hivyo ukiwa nacho: usikilaminishe, wallahi, ile plastiki haitoki. Usikoleze wino uliofifia. Chukua karatasi nyengine, andika nani alipewa, wapi, harusi ya nani, nani alikuwepo, tia na picha ya siku hiyo kama iko. Karatasi hiyo ya pili kesho kutwa itakuwa na thamani nusu ya mali.

Kukaulizwa maswali mengi. Mzee mmoja pale mbele akauliza: daftari la marehemu kakangu akitokea mzungu analitaka, niuze?

Nikamwambia, mzee wangu, daftari ni lenu warithi, mkikubaliana uzeni, lakini lipigeni picha kila ukurasa kwanza. Na jueni kuuza karatasi si kuuza nyimbo. Sheria ya Kenya, haki ya mashairi na tuni inabaki na warithi miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Akija na mkataba wa ukurasa mmoja, umeandikwa kwa chini kabisa "pamoja na haki zote", mstari huo ukateni kwa kalamu, naye aweke saini pembeni, ndipo nanyi mtie yenu.