Kibali cha Usalama cha Marekani: Thamani Yake kwa Mtu wa Tehama

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mmeshapigiwa simu na wakala wa ajira ambaye swali lake la kwanza halikuhusu lugha za programu unazozijua. Aliuliza tu: "Kibali unacho?" Ukisema huna, mazungumzo yanaishia hapo. Ukisema unacho, sauti inabadilika ghafla. Leo nataka tuone ni kitu gani kinachoibadilisha sauti ile, maana humo ndimo ilimo thamani ya kibali, na humo pia ndimo ulimo mtego wake.

Nazungumzia kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, kile kinachomruhusu mtu kushika taarifa za siri za taifa. Kina madaraja matatu: la faragha, la siri na la siri kuu. Juu ya siri kuu kuna ruhusa za ziada za taarifa za kijasusi, na baadhi ya mashirika hukuweka pia kwenye mashine ya kupima uongo. Kadiri unavyopanda, ndivyo wenzako wanavyopungua.

Kwa nini mwajiri alipe zaidi? Chukua kampuni iliyoshinda zabuni ya Wizara ya Ulinzi. Mkataba unataka wahandisi wa programu, na kila mmoja awe na kibali cha siri kuu tangu siku ya kwanza. Mikataba mingi ya aina hii hulipwa kwa saa za kazi: mtu akikaa kwenye kiti, kampuni inaidai serikali, kiti kikiwa kitupu, hakuna cha kudai. Kumpitisha mtu mpya kwenye uchunguzi huchukua miezi, na mara nyingine hupita mwaka. Basi mwenye kampuni anapiga hesabu: nimwongezee mshahara huyu aliyekwisha kuchunguzwa, au nikae na kiti kitupu hadi mwakani? Hesabu hiyo haimsumbui hata dakika moja. Ananunua muda. Uhodari wako ataujadili baadaye, na wengine, niseme ukweli, hawaujadili kabisa.

Kibali hujiombei mwenyewe. Lazima udhaminiwe na idara ya serikali au kampuni iliyoidhinishwa, na wewe hulipi hata senti. Anayekuuzia kozi ya "kupata kibali", mkimbie. Tena lazima uwe raia wa Marekani. Ukaazi wa kudumu hautoshi, ukiondoa ruhusa finyu zinazotolewa kwa nadra sana. Hapo wengine humu ndani wana uamuzi mzito. Mkenya anaweza kuchukua uraia wa Marekani na kubaki Mkenya tangu katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima akiuchukua, kwa sheria ya kwao anaupoteza wa kuzaliwa. Mimi nisingefanya uamuzi wa namna hiyo kwa ajili ya nafasi ya kazi.

Sasa tuje kwenye fomu unayojaza ili uchunguzwe, iitwayo SF-86, maana hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Inataka kila mahali ulipoishi na kila kazi uliyofanya kwa miaka 10. Inataka safari zako za nje kwa miaka 7. Inataka wazazi, ndugu, wakwe: walizaliwa wapi, ni raia wa wapi, unawasiliana nao mara ngapi. Halafu kuna swali linalouliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Nimeona watu wazima wakiliangalia swali hilo wakaanza kutokwa jasho. Kila mwezi unamtumia mama hela ya matumizi, umemlipia mdogo wako ada, umechangia harusi mbili na msiba mmoja. Uandike yote?

Andika. Kuwa na mama anayeishi nje si kosa, wala kumlisha si kosa. Mchunguzi anachotafuta ni kama yupo mtu anayeweza kukubana wewe kwa kupitia kwa mama. Ukiandika, atauliza, utajibu, mtaendelea. Ukificha, umegeuza jambo la kawaida kuwa tatizo la uaminifu, na kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai ambalo kifungo chake kinafika miaka 5. Madeni nayo angalieni. Ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kunyimwa. Deni lenye mpango wa kulipwa linaeleweka, deni ulilolikimbia halieleweki. Na bangi: jimbo lako kuiruhusu hakukusaidii kitu, kwa sababu kibali ni cha serikali ya shirikisho na sheria yake ni nyingine.

Hayo yote unayoyaandika yanahifadhiwa mahali, na mahali penyewe hapana kinga ya milele. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kwamba wadukuzi wameiba taarifa za watu milioni 21.5 kutoka ofisi yake ya utumishi, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Humo mlikuwemo wake na waume wa waombaji. Hili huwa halitajwi na wakala wa ajira.

Tuseme umepita. Maisha ya kazini yakoje? Kazi nyingi za siri kuu hufanyika ndani ya chumba maalumu kinachoitwa SCIF. Simu unaiacha kwenye kabati mlangoni, na saa ya kisasa vilevile. Kompyuta ya mle ndani haiuoni mtandao wa nje, kwa hiyo ukipata hitilafu kwenye programu hunakili ujumbe ukautafuta kama tulivyozoea. Unatoka, unasoma kwenye mashine nyingine, unakariri, unarudi. Maktaba ya programu unayoihitaji, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, huombewa ruhusa kuingia, na inaweza kufika ikiwa imeshachakaa. Kufanyia kazi nyumbani sahau. Utaishi kule kazi hizi ziliko: karibu na kambi ya jeshi ya Fort Meade jimboni Maryland, kaskazini mwa Virginia, Huntsville, Colorado Springs au San Antonio. Na siku ukiandika wasifu wako, miaka mitano mizima inageuka kuwa mistari miwili isiyosema kitu.

Ndiyo maana nasema tuangalie kilicho nyuma ya kibali. Kwa kijana wa mitandao au usimamizi wa seva, asiye na jina wala chuo kikubwa, kibali kinaweza kumpandisha ngazi ambazo nje angezipanda kwa miaka mingi. Kwa mtaalamu ambaye kampuni kubwa za biashara zinamgombania na kumpa hisa, hesabu huenda ikakataa. Nafasi nono kuliko zote naiona pale vitu viwili vinapokutana, hasa kwenye huduma za wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia mtandao: Desemba 2022 Wizara ya Ulinzi iliwapa Amazon, Google, Microsoft na Oracle mkataba wa hadi dola bilioni 9, na sehemu ya kazi hiyo ni ya siri. Mwenye kibali peke yake wapo wengi. Anayejua wingu barabara peke yake wapo wengi. Mwenye vyote viwili anapanga bei.

Lakini kibali si mali yako. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1988, katika kesi ya mtu aitwaye Egan aliyenyimwa kibali, kwamba hakuna mwenye haki ya kupewa. Ukitoka kwenye kazi ya aina hiyo, kwa kawaida una miezi 24 mwajiri mwingine akudake. Ikipita, unaanza upya. Serikali ikifungwa kwa kukosa bajeti, kama zile siku 35 za 2018 hadi 2019, mtumishi wa serikali hulipwa baadaye, ila wewe wa kampuni huna uhakika huo.

Kwa hiyo wakala akikupigia, muulize: mkataba unaisha lini, kiti kina fedha tayari au bado ni ahadi, na mle ndani wanatumia teknolojia ya mwaka gani? Akibabaika kwenye la tatu, mshahara wowote atakaoutaja upunguzie kichwani mwako gharama ya kujisomesha upya ukitoka. Haya, naona mikono iko juu. Tuanze na dada pale nyuma, halafu mzee.