Taa za Joto za Kulelea Vifaranga: Namba ya Wati Peke Yake Haitoshi
(Mhadhara kwa wafugaji wa kuku wa Nyanda za Juu Kusini, kama ulivyotolewa)

Ndugu wafugaji, mafundi umeme na wenye maduka ya vifaa,

Nimeombwa kuzungumza juu ya uchaguzi wa taa za joto, na najua wengi wenu mmekuja mkitarajia nitaje balbu moja, mwandike wati zake, kisha muondoke. Sitafanya hivyo. Desturi ya kununua joto kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ninayoipinga kila ninapopewa nafasi ya kusema, na ndiyo inayotuulia vifaranga huku kwetu kila ifikapo Juni na Julai. Mfugaji akiingia dukani, swali lake la kwanza lisiwe taa ni ya wati ngapi. Ajiulize ni joto kiasi gani litakalofika mgongoni mwa kifaranga usiku wa manane, wakati baridi ya Njombe imeshuka chini ya nyuzi 10.

Taa hii ya joto ni taa ya infraredi, yaani ya mionzi ya joto isiyoonekana kwa jicho, nayo haianzi kwa kupasha hewa. Mionzi yake inapita hewani bila kuipasha sana, ikafika kwenye mwili wa kifaranga, kwenye maranda na kwenye chombo cha maji, na hapo ndipo inapogeuka kuwa joto. Mtu aliyekaa barazani akiota jua asubuhi ya baridi analijua jambo hili: upande unaotazama jua unapata moto, ilhali hewa ile ile kivulini bado inauma. Kwa hiyo banda linaweza kuwa la baridi huku kifaranga aliye chini ya taa akiungua, na mfugaji anayepima hewa ya banda anapima kitu ambacho taa hiyo haikutengenezwa kukipasha.

Nitasimulia kisa ambacho baadhi yenu mmekwisha kukisikia kwangu, na mtaendelea kukisikia mpaka kila bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwe na kipimajoto mahali pake. Mfugaji mmoja alipokea broila 200, akafunga taa mbili za wati 250, na kipimajoto akakitundika ukutani, usawa wa macho yake mwenyewe. Kipimajoto kikasoma nyuzi 19. Yeye alikuwa amefundishwa, na amefundishwa vyema, kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Basi akateremsha taa. Kipimajoto hakikupanda, akateremsha tena, hadi taa zikawa juu ya maranda kwa kimo ambacho mtu mzima anaweza kukipima kwa kiganja kilichofumbuliwa na kidogo zaidi. Vifaranga wakakimbilia ukingoni, midomo wazi, mabawa yamening'inia. Kule ukingoni mionzi haikufika, na usiku ulipozidi kupoa wakaanza kurundikana wao kwa wao, wa chini wakakosa pumzi. Asubuhi mfugaji aliokota maiti, akaamini ni ugonjwa, akaenda kununua dawa. Siku iliyofuata akaokota wengine, akabadilisha dawa.

Tulipofika tulichukua kipimajoto kile kile, tukakiweka chini ya taa, usawa wa mgongo wa kifaranga, mahali kinapopigwa na mionzi kama anavyopigwa yeye. Kikapita nyuzi 40. Hakukuwa na ugonjwa katika banda lile. Tulipandisha taa, tukazungushia mduara wa maboksi ili upepo wa chini usipite, na kabla chai haijaisha vifaranga walikuwa wametawanyika, wanakula. Fedha za dawa zilikuwa zimekwenda, na mtaalamu wa dukani hakuwa na kosa, kwa maana aliuza alichoombwa.

Najua kuna anayenijibu moyoni kwamba bibi zetu walilea vifaranga bila kipimajoto. Ni kweli, lakini bibi zetu walimwachia kuku mama kazi hiyo. Kifaranga akihisi baridi aliingia chini ya bawa, akipata joto alitoka, na hakuna mtu aliyemzuia. Sisi tumemnyang'anya mama yake, tumemfungia kwenye mduara, tumemwashia jua lisilotembea. Anayeondoa ulinzi huo ana wajibu wa kuurudisha. Na hata ukiwa na kipimajoto, watazame vifaranga wenyewe: wakirundikana chini ya taa wakilia, wanaona baridi, wakiikimbia taa, joto limezidi, wakijibana upande mmoja, tafuta upepo unapoingilia, wakitawanyika kwa utulivu, usiguse kitu.

Sasa ndipo tuzungumze wati, kwa sababu zina maana pale tu unapojua kimo. Taa ya wati 250 kwa kawaida hutundikwa sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda, na ukiipandisha kutoka 45 hadi 60, joto linalofika katikati linaweza kupungua kwa zaidi ya theluthi. Hivyo mnyororo wenye pete, unaokuruhusu kupandisha taa kidogo kidogo, ni sehemu ya taa. Joto linatakiwa kupunguzwa kwa takribani nyuzi 3 kila wiki hadi kufikia kama nyuzi 21, na kazi hiyo inafanywa na mnyororo, bila kununua balbu nyingine. Anayeniambia kwamba amefunga taa kwa waya wa umeme wenyewe, ukiwa ndio unaobeba uzito wote, namwambia aende nyumbani aifungue leo hii. Balbu hiyo ikianguka juu ya maranda makavu, banda linawaka na familia imelala.

Mahali ulipo pia ni sehemu ya hesabu. Mfugaji wa Dar es Salaam mwezi Februari, ambaye mchana wake unapita nyuzi 30, akinunua taa ya wati 250 kwa sababu mwenzake wa Makete anaitumia, anajinunulia hasara. Pengine taa ya wati 100, ya usiku tu, inamtosha. Mfugaji wa Makete, ambako baridi hufikia kuweka barafu juu ya majani, akinunua hiyo ya 100 ili abane matumizi, atapoteza vifaranga. Na kati ya hao wote, ushauri wangu haubadiliki: taa mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Balbu moja ya wati 250 ikikatika waya wa ndani saa nane za usiku, kundi zima limeachwa gizani na kwenye baridi. Kati ya mbili za wati 150, moja ikizimika, nyingine inawaokoa mpaka asubuhi. Mtaniambia kwamba holda mbili na balbu mbili ni ghali zaidi. Ni ghali zaidi siku ya kununua tu. Pigeni hesabu ya kundi lililokufa usiku mmoja, kisha mnirudie na hoja hiyo.

Liko kosa lingine linalonikera, nalo ni la kuchagua rangi. Wateja wanageuza balbu mkononi, wanachukua iliyo nyekundu zaidi, wakidhani wekundu ndio joto. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyefanya kazi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, kipande cha kioo kinachotenganisha rangi za mwanga, akaweka vipimajoto kwenye rangi moja moja, na kingine akakiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Kile cha nje ndicho kilichopanda zaidi. Joto tunalolinunua halionekani, na ndiyo maana zipo taa za kauri zisizotoa mwanga hata kidogo na bado zinapasha. Balbu nyekundu ina faida yake, kwa kuwa mwanga wake hafifu huwatuliza vifaranga na kupunguza kudonoana, lakini balbu ya kioo cheupe yenye wati zile zile haiachwi nyuma kwa joto.

Jambo la hatari zaidi halionekani kwenye rangi. Zipo balbu zilizopakwa utando wa tefloni ili kioo kisitawanyike kikipasuka, na utando huo ni wa jamii moja na ule wa vikaango visivyoshika chakula. Ukipata moto mwingi hutoa mvuke ambao binadamu anaweza asiuhisi, lakini mapafu ya ndege hayauvumilii, na kundi linaweza kufa ndani ya muda mfupi bila dalili mliyoizoea. Wenye maduka, nawaomba msome maandishi ya boksi kabla hamjamuuzia mfugaji wa kuku balbu isiyopasuka. Anayetaka uimara achukue balbu ya kioo kigumu kilichofinyangwa, kinachostahimili tone la maji kikiwa cha moto, kuliko kile chembamba kinachopasuka kwa mnyunyizo mdogo wa chombo cha maji.

Mafundi, holda iwe ya kauri. Ya plastiki inalainika, inakauka, inavunjika, na mnajua hivyo ila mnaifunga kwa sababu ndiyo iliyopo mfukoni. Taa kumi za wati 250 ni karibu ampea 11 kwenye volti 230, zikiwaka mchana na usiku, na mzigo huo haupitishwi kwenye eksitensheni nyembamba iliyoviringwa chini ya maranda. Kumbukeni pia vijiji vilivyo mwisho wa laini: umeme ukishuka hadi volti 190, balbu inapoteza karibu robo ya joto lake, na hiyo hutokea jioni, watu wote wanapopika na kuwasha taa, saa ambayo kifaranga anahitaji joto zaidi.

Gharama nitaipitia upesi kwa kuwa muda umenibana. Taa ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti 6 kwa siku; kwa mwezi ni uniti 180, ilhali mteja mdogo wa nyumbani anayelipa bei nafuu hatakiwi kuvuka uniti 75. Kwa vifaranga 1,000 utahitaji taa kama kumi au zaidi, yaani uniti 60 kila siku, na hapo nakushauri ulinganishe kwanza na bruda ya gesi, yaani kipashio cha gesi cha vifaranga, ambayo nayo inatoa mionzi ya infraredi. Wanaoambiwa kwamba betri moja ya sola itaendesha taa usiku kucha wasikubali: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uniti 1.2 kwa jumla, nusu yake ndiyo salama kutumia, na taa ya wati 250 inaimaliza nusu hiyo kwa muda usiofika saa tatu. Umeme ukikatika, madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwa gunia ni msaada wa kweli. Jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa lina hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua kuku na anayewalinda.

Nilipanga kusema pia juu ya taa za kutunza joto la chipsi na kuku wa kukaanga kwenye migahawa. Niseme hili tu: taa hiyo inapasha uso wa juu, haipiki na haifufui chakula kilichopoa, hivyo chakula kiwekwe kikiwa cha moto, kisirundikwe, na kipimwe katikati kwamba hakijashuka chini ya nyuzi 60. Anayefunga taa ya joto bafuni kwake atafute iliyoandikwa kwamba inastahimili maji, na swichi iwe nje ya mlango.

Nitapokea maswali sasa, na naomba tuanze na wale wanaopokea vifaranga wiki hii.